Kuta za Kweneng

Mwaka 1968 mwanaakiolojia Revil Mason wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alichapisha utafiti wa mahame ya mawe yaliyoonekana kwenye picha zilizopigwa kutoka angani. Hata hivyo, vichaka vya Suikerbosrand, kusini mwa Johannesburg, viliendelea kuficha mengi.

Nusu karne baadaye Karim Sadr, wa chuo hichohicho, alitumia lida: ndege hurusha miale ya leza, kompyuta huondoa majani, ardhi hubaki wazi. Ukajitokeza Kweneng, mji wa Watswana wenye maboma yapatayo 800, uliohamwa kwa vita vya miaka ya 1820.

Leza huonyesha maumbo tu. Ili kutofautisha zizi na jaa, mwanafunzi wa akiolojia hupanda kilima, kifaa cha setilaiti mkononi.