Vifo vya Nyumbani na Taarifa za Watabibu: Wilaya ya Hai, 1992–2004

Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, Mawenzi na Machame tayari zilikuwa zikihudumia wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro. Mkoa haukukosa majalada. Hata hivyo, jalada la hospitali humfuata mgonjwa hadi anaporuhusiwa, kisha hunyamaza. Mzee aliyerudishwa kihambani na kufia huko hakuingia katika hesabu ya watabibu. Hata vitabu vya MTUHA, vilivyosambazwa miaka ya 1990, vilihesabu waliofika kituoni.

Pengo hilo lilishughulikiwa na mradi wa maradhi na vifo vya watu wazima, AMMP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza katika sehemu za Dar es Salaam, Morogoro Vijijini na Hai, ambayo wakati huo ilijumuisha Siha.

Watoa taarifa wa vijijini waliarifu kila kifo. Mtumishi wa afya aliyefunzwa alikwenda kuzungumza na ndugu au aliyemuuguza marehemu, akauliza dalili, muda wake na tiba iliyotafutwa. Madaktari ambao hawakumwona marehemu waliisoma fomu, kila mmoja peke yake, na kuamua chanzo cha kifo. Walipotofautiana, mwingine aliamua. Ushahidi wa kwanza, basi, ulikuwa kumbukumbu ya mfiwa. Mjane aliyesema mumewe alianguka ghafla, akapooza upande mmoja na kupoteza kauli, alikuwa ameeleza kiharusi bila kulitaja jina hilo. Aliyesema "homa" tu alimwachia daktari kazi ngumu zaidi.

Thamani ya njia hii ilidhihirika hasa katika kiharusi. Takwimu za 1992 hadi 1995, zilizochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2000, zilihusisha na ugonjwa huo vifo 421 kati ya 7,629 vya watu wazima katika maeneo yote matatu. Kwa wenye miaka 15 hadi 64 wilayani Hai, baada ya kusawazisha umri, kiwango cha mwaka kilikuwa vifo 44 kwa kila wanaume 100,000 na 33 kwa wanawake. England na Wales zilikuwa na 10.8 na 8.6.

UKIMWI na kifua kikuu havikutenganishwa kwa urahisi hivyo, kwani vyote huja na kukonda, kikohozi na homa, na familia iliyoogopa fedheha ingeweza kunyamazia dalili fulani. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 2006 ulipima mahojiano dhidi ya majalada ya waliofia hospitalini. Njia iliyokusudiwa kwa waliofia nyumbani ilipimwa, kwa hiyo, kwa watu ambao ndugu zao huenda walikwisha kusikia jina la ugonjwa kutoka kwa daktari.