Neno Lililoogopwa Wizarani

Mkulima akitaka mbolea ya chumvichumvi, mwenye duka humweleza kwa furaha namna ya kuitumia, kwa kuwa kila gunia lina faida yake. Lakini ni nani atakayemfundisha kubadilisha mazao, mwaka huu mahindi na mwaka ujao kunde, au kuozesha majani na samadi hata yakawa mboji? Maarifa hayo hayatiwi guniani, wala hayana tajiri wa kuyatangaza. Ndiyo sababu kilimo hai, yaani ukulima usiotumia mbolea wala dawa zinazotengenezwa viwandani, hutegemea sana fedha za umma. Na nchi ambayo kisa chake chafaa kusomwa ni Marekani.

Huko, sheria ya mwaka 1862 ilitoa ardhi ya umma ili kugharimia vyuo vya kilimo. Sheria ya 1887 ikaleta vituo vya majaribio, na ile ya 1914 ikaleta mabwana shamba wa kuwafikishia wakulima yaliyogunduliwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, juhudi hizo zote zilielekezwa zaidi kwenye mbolea na dawa za viwandani. Earl Butz, aliyekuwa Waziri wa Kilimo tangu 1971 hadi 1976, aliwakejeli wenye mawazo mengine: kabla ya kurudia kilimo hai, alisema, sharti mtu aamue ni Wamarekani milioni 50 gani watakaoachwa wafe kwa njaa.

Mwaka 1977 uwaziri ulimwangukia Bob Bergland, ambaye mwenyewe alikuwa mkulima kutoka Minnesota. Huyu hakukejeli, aliuliza. Aliwaita wataalamu, wakiongozwa na Robert Papendick, bingwa wa elimu ya udongo, nao wakaenda kuyatazama mashamba yenyewe. Walichunguza mashamba 69 katika majimbo 23, na taarifa yao ikatolewa Julai 1980.

Yaliyomo yaliwashangaza wengi. Wakulima hawa hawakuwa watu waliokimbia dunia ya leo wakashika jembe la babu. Walitumia matrekta na mbegu bora kama majirani zao, na wengi wao walikuwa wamewahi kutumia dawa za viwandani kisha wakaziacha, kwa kuhofia udongo wao, mifugo yao au gharama. Wala taarifa haikuficha upungufu: kazi ya mikono ilizidi, magugu yalisumbua katika miaka ya kwanza, na baadhi ya mazao ya kupokezana yalileta faida ndogo kuliko ya mashamba ya kawaida. Kwa maoni yangu, ukweli huo ndio uliokuwa nguvu ya taarifa hiyo. Wataalamu walipendekeza serikali igharimie utafiti na mafunzo, na Garth Youngberg, mmoja wao, akapewa kazi ya kuratibu mambo ya kilimo hai wizarani.

Lakini Novemba ya mwaka ule ule Rais Carter alishindwa katika uchaguzi. Mwaka 1982, chini ya serikali ya Reagan, cheo cha Youngberg kilifutwa. Cheo cha mtu mmoja! Sidhani kwamba hazina ya taifa lile ilipata nafuu yoyote kwa kukiondoa. Kilichokuwa kikiondolewa hasa ni neno. Hata fedha zilipotolewa mwaka 1988, dola milioni 3.9, mpango wenyewe uliitwa wa kilimo endelevu chenye pembejeo kidogo, na neno lenyewe likakwepwa.

Madhara ya kukwepa huko yalionekana mwaka 1997. Mark Lipson, kwa niaba ya shirika la utafiti wa kilimo hai lililoko California, alipekua orodha ya utafiti wa wizara, miradi ipatayo 30,000, akiitafuta ile iliyohusu kilimo hai waziwazi. Aliikuta 34.

Hesabu hiyo haikuweza kupuuzwa. Sheria ya mwaka 2002 ilitenga dola milioni 3 kila mwaka kwa utafiti na uenezi wa kilimo hai, na safari hii neno likaandikwa wazi. Sheria ya 2008 ikaliongeza fungu hata likafika milioni 20 mwaka 2010.

Hata hivyo, mwaka 2013 Bunge lilichelewa kupitisha sheria mpya, na fungu likakatika. Udongo haungoji wabunge: jaribio la kupokezana mazao huhitaji miaka mingi mfululizo, na msimu mmoja uliokosa vipimo haurudi tena. Mwaka 2014 fedha zilirudishwa. Sheria ya 2018 ikapanga zipande hatua kwa hatua hadi dola milioni 50 mwaka 2023, na fungu hilo likahesabiwa miongoni mwa mafungu ya kudumu.