Magaga ya Farasi

Sijawahi kupanda farasi. Nilikuwa nikikusanya habari za wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na badala ya miguu ya watu nikajikuta nimekwama siku tatu kwenye miguu ya farasi.

Kisa kinaanzia Ubelgiji, karibu na mji wa Ypres. Kati ya 31 Julai na 10 Novemba 1917 majeshi ya Uingereza na washirika wake yalipigana kuelekea kijiji cha Passchendaele. Agosti ile mvua ilinyesha kupita kawaida, mizinga ilikuwa imeshaharibu mifereji ya maji, na ardhi ikageuka uji. Mahali magari yaliposhindwa, makombora yalibebwa mgongoni mwa farasi na nyumbu, juu ya barabara za mbao. Mnyama aliyeteleza nje ya mbao aliweza kuzama mpaka tumboni, na wengine hawakutolewa tena.

Waliosalimika waliugua miguu. Tope lenyewe si sumu. Shida ni unyevu unaokaa. Ngozi ya nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kwato, ni nyembamba. Ikilowa siku baada ya siku hulainika kama vidole vya mfua nguo, kisha chembe za mchanga huikwaruza na bakteria wakapata mlango. Vinatokea vigaga, nywele zinang'oka navyo, mguu unavimba, mnyama anachechemea. Bibi zetu wangeyaita magaga tu, ingawa haya hutoa usaha.

Mtu angedhani dawa ni kuosha kila jioni. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu mguu uliooshwa ukaachwa bila kukaushwa umeongezewa unyevu uleule. Watunzaji wazoefu huacha tope likauke, kisha hulipangusa kwa burashi. Wakilazimika kuosha, hukausha kwa taulo mpaka ndani ya mikunjo ya kisigino. Wengine hupaka mafuta mazito kabla farasi hajatoka, lakini juu ya ngozi safi na kavu. Kupaka juu ya uchafu ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Nywele nazo zina ubishi wake. Farasi wa kuwindia huko Uingereza hunyolewa mwili majira ya baridi, lakini miguu huachiwa nywele zake zimkinge na miiba na tope. Shire, farasi mkubwa wa kukokota mizigo, ana nyingi kupita kiasi, zinafunika kwato kama suruali ya bwaga. Katika vita ile zilinasa tope na hazikukauka. Percheron, mwenye asili ya Ufaransa, aliyeletwa kwa meli kutoka Marekani, hana manyoya hayo. Waingereza walimpenda kiasi cha kumuundia chama cha wafugaji mwaka 1918.

Kilichonikwamisha zaidi ni jina. Kijidudu kimojawapo kikuu cha ugonjwa huu kinaitwa Dermatophilus congolensis. Mwaka 1915, sehemu kubwa ya Ubelgiji ikiwa imekaliwa na Wajerumani, daktari wa mifugo Mbelgiji René Van Saceghem alieleza ugonjwa wa ngozi wa ng'ombe katika Kongo ya Wabelgiji, akakipa kijidudu jina la koloni. Kwa hiyo farasi anayechechemea katika matope ya Ulaya anasemekana kubeba kitu cha Kongo. Jina hilo linanikera, nakiri.

Huku kwetu farasi hawakuishi vya kutosha kuota magaga. Aprili 1916, katikati ya masika, wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jacob van Deventer walitoka Arusha wakaiteka Kondoa Irangi. Mbung'o, maradhi na uchovu viliwamaliza farasi, na mizigo ikahamia mabegani mwa watu. Kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, ndicho kilichoiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo. Wengi wao walitembea peku katika tope lile, vidole vikiliwa na funza.

Daktari wa mifugo akishuku ugonjwa ule leo, hubandua kigaga, hukilowesha, hukipaka kwenye kioo na kuchungulia kwa hadubini. Vijidudu hujipanga safu mbili mbili, sambamba, kama reli. Kisha anaandika jina: congolensis.