Kwa nini kompyuta haioni "walihama"

Semista inaelekea ukingoni, kila mtu yuko bize na ripoti, na hapa bwenini kilio ni kimoja: "Nimeandika mwenyewe, nakumbuka kabisa, lakini nikitafuta kwenye notsi zangu haitokei." Nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona bora niandike mara moja wote msome. Ila mimi ni mtu wa historia, kwa hiyo mnivumilie, lazima tupite huko nyuma kwanza.

Notsi zangu ni za Operesheni Vijiji huko Musoma Vijijini, upande wa Majita na Bukwaya. Mnakumbuka darasani: tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kazi iwe imekwisha kufikia mwisho wa 1976. Nina masimulizi ya wazee waliopitia hayo, yote nimeyachapa kwenye programu ya notsi. Mzee mmoja kati yao ameshafariki. Alichonieleza hakipo kitabuni, kipo kwenye laptopu. Sasa andika "hama" kwenye kisanduku cha kutafuta uone: zinakuja kurasa mbili tu. Habari nzima ni ya kuhama, jamani, halafu kurasa mbili!

Kuelewa kwa nini, lazima ujue kwamba programu haisomi notsi zako upya kila unapouliza. Kuna kifanyakazi kinachopita kimyakimya kwenye mafaili, kinachomoa kila neno na kuliandika kwenye orodha pamoja na mahali lilipo. Orodha hiyo ndiyo faharasa. Ukiuliza, inatazamwa orodha, basi. Wazo lenyewe ni la kale sana. Miaka ya 1230 watawa wa Kidominiko kule Paris, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher, walipanga maneno ya Biblia ya Kilatini kwa mtindo huo huo, kwa mkono. Kompyuta imeongeza kasi.

Kwenye kompyuta za mezani kitu hiki kilivuma katikati ya miaka ya 2000. Google Desktop ilitoka Oktoba 2004 na ikasitishwa 2011. Spotlight ya Apple ikaja 2005. Windows Vista ilipoanza kuuzwa madukani mwaka 2007 ilikuwa na kitafutaji ndani yake. Programu za notsi zikaona haina haja ya kujitengenezea cha kwao, zikaegemea hicho cha kompyuta. OneNote 2007, kwa mfano, ilitegemea Windows Desktop Search ili itafute haraka. Ndiyo maana mara nyingine homa inaonekana kwenye notsi kumbe mgonjwa ni mwingine kabisa.

Sasa kipimo. Fungua ukurasa mpya, andika neno la ajabu lisilo popote, mfano "kwirikwinyo". Subiri dakika kadhaa, kisha litafute.

Lisipoonekana, faharasa yenyewe ni mbovu au haijafika hapo. Kwenye Windows hakikisha huduma ya Windows Search inafanya kazi, fungua Indexing Options, angalia kama mahali notsi zako zilipo pamo kwenye orodha, na kama pamo, ingia Advanced ubonyeze Rebuild. Itajengwa upya tangu mwanzo. Kama mafaili ni mengi inaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo iache laptopu kwenye chaja ukalale. Angalia pia kama notsi zimeshuka kweli kwenye mashine au bado ziko mtandaoni. Kisichoshuka hakina cha kuorodheshwa.

Likionekana, faharasa ni nzima. Tatizo lako ni la lugha, na hapa ubonyeze Rebuild hata mara kumi hutapona.

Vitafutaji vingi vya aina hii vinalinganisha neno kuanzia mwanzo wake. Ukiandika "hama" vinaleta "hama" na "hamahama". Lakini wazee hawazungumzi hivyo. Walisema "walihama", "tulihamishwa", "alipohamia", "uhamisho". Hakuna hata moja linaloanza na "hama". Kwa Waingereza shida ni ndogo kwa sababu maneno yao hubadilika zaidi mkiani. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni maarufu ya kukata mikia hiyo, ili "connected" na "connection" vihesabiwe neno moja. Ni kanuni nzuri, ila kisu chake kinakata mkia, na sisi mabadiliko yetu mengi yako kichwani.

Na msidhani kompyuta ndiyo ya kwanza kukwama hapa. Watunga kamusi za Kiswahili waligonga ukuta huo huo zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, iliyotoka chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ilikusanya maneno mengi yaliyozaliwa na kitenzi chini ya kitenzi hicho. Raha kwa anayejua mzizi, taabu kwa asiyeujua. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, 1981, ikaweka nomino kwa umbo lake la umoja pamoja na kiambishi. Ndiyo maana herufi M kwenye kamusi ile ni nene kupindukia. Kila mpango unamfaa mtu fulani na kumsumbua mwingine. Mtunga kamusi alijua hilo, akachagua, na msomaji akaambiwa kwenye utangulizi. Kifanyakazi cha kompyuta nacho kimechaguliwa mpango, ila wewe hujaambiwa.

Sasa njoo nyumbani, ndiyo utacheka. Wanaisimu huziweka lugha za Wajita, Wakwaya, Wakara na Waruri kwenye kundi moja wanaloliita Suguti. Kwenye lugha hizi kabla ya kiambishi kuna irabu nyingine mbele: mtoto ni "omwana", watoto ni "abhana". Yaani faharasa itajaza nomino chungu nzima kwenye A, E na O. Bado tahajia: huyu anaandika "abhana", yule "abana". Na jina la lugha lenyewe utalikuta Kikwaya, Chikwaya, Ecikwaya au Kwaya tu. Kwa mtu wa Musoma ni kitu kimoja. Kwa faharasa ni vitu vinne visivyojuana.

Hata Mwalimu wa Butiama kaacha mtego. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilitoka 1963 kwa jina la Julius Caezar, na ilipotolewa tena 1969 ikawa Juliasi Kaizari. Tafuta moja, utakosa nyingine. Maktaba ina dawa ya siku nyingi kwa hili: kadi yenye neno "tazama", inayokupeleka kutoka jina moja hadi lingine.

Je, inawezekana kompyuta ikafundishwa? Inawezekana. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha makala kuhusu programu inayochambua neno la Kiswahili kipande kwa kipande, ikatambua mzizi na viambishi. Na Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizindua Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili. Tulishangilia, na ilistahili. Ila menyu kuzungumza Kiswahili ni jambo moja, na faharasa kukielewa Kiswahili ni lingine. Kwa hizi za kwetu za Suguti safari ni ndefu zaidi.

Wakati tunasubiri, haya ndiyo ninayofanya. Kwanza, kila ukurasa wa notsi juu kabisa naweka mstari wangu wa "tazama": mizizi na majina yote, mfano "hama, kijiji, Kikwaya, Chikwaya, Ecikwaya, Kwaya". Kifanyakazi kitaorodhesha hivyo vilivyo. Pili, natoa nakala ya notsi zote kama mafaili ya maandishi matupu. Humo unaweza kutumia grep, chombo alichokiandika Ken Thompson mwaka 1973, au findstr kwenye Windows. Hivi havina faharasa, vinasoma herufi popote zilipo ndani ya neno. Andika "ham" utapata "walihama" na "tulihamishwa", pamoja na "fahamu", "hamu" na kila Mohamedi uliyemtaja. Utapepeta mwenyewe, lakini mzee hatakosekana humo.

Mimi nimeona hivi: kutafuta kuna mtu aliyeamua kabla yako kipi kihesabiwe neno, na mara nyingi mtu huyo hakuwa anawaza "omwana". Mzee aliniambia "tulihamishwa", kwa namna ya kutendwa, na tofauti yake na "tulihama" ndiyo tasnifu yangu nzima. Kwa hiyo mstari wa "tazama" uwe juu, na maneno yake chini yabaki kama alivyoyasema.

Haya wadau, kesho nina semina saa mbili asubuhi. Mwenye notsi zilizogoma anigongee, chumba mnakijua.