Umeokota kitu kama sarafu na hukijui? Hivi ndivyo kinavyotambuliwa na kupewa thamani

Vinaokotwa shambani wakati wa kulima, vinakutwa kwenye kopo la vifungo la bibi au chini ya sanduku la marehemu babu. Ni viduara vya chuma au shaba vinavyofanana na sarafu, ila hakuna nyumbani anayevijua.

Swali la kwanza huwa ni moja: kinauzwa bei gani? Hapo ndipo wengi hupigwa. Mtu asiyejua alichoshika anaweza kudanganywa chochote.

Ni sarafu au ni tokeni?

Tokeni hapa si zile namba za umeme. Ni kipande kilichotengenezwa na kampuni, shamba, kasino au wenye mabasi ili kitumike kwao tu. Enzi za ukoloni, baadhi ya mashamba makubwa, yakiwemo ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, yalikuwa na vipande vyao vya kuwapa vibarua.

Sarafu ya serikali kwa kawaida ina jina la nchi au mtawala, kiasi na mwaka. Tokeni mara nyingi hukosa kimojawapo, na badala yake huwa na jina la biashara, namba tupu au nyota.

Lakini usikurupuke. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar haina sura ya mtu wala herufi za Kizungu. Ina mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu. Mwaka wake, 1299, ni wa Hijria, yaani 1882. Si kitu cha miaka 700 iliyopita.

Hatua nne za kuanzia

1. Piga picha pande zote mbili na ukingo wake, kwenye mwanga wa mchana.

2. Nakili kila herufi, hata ile ndogo kabisa. Kwenye heller 20 ya mwaka 1916, herufi T inamaanisha ilitengenezwa Tabora.

3. Pima uzito na upana. Mizani ya sonara inatosha. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani na Uarabuni, ina gramu 28 hivi na upana wa karibu milimita 40. Ikipungua sana, ni ya kutilia shaka.

4. Sogeza sumaku. Dhahabu, shaba na madini ya fedha havinasi. Kikinasa, ndani kuna chuma au nikeli.

Jambo moja la kuepuka: usikisafishe. Limao, majivu na steelwire hung'arisha, lakini huondoa ngozi ya juu ambayo wakusanyaji wa sarafu huilipia. Kipande kilichosuguliwa hushuka bei papo hapo.

Bei inatoka wapi?

Si umri peke yake. Riale za Maria Theresa karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizotengenezwa karne ya 20, kwa sababu mwaka huo uliachwa bila kubadilishwa. Nyingi huuzwa kwa bei isiyozidi sana thamani ya madini ya fedha yaliyomo.

Vinavyoamua ni uchache, hali ya kipande na idadi ya wanaokitaka. Tabora ni mfano mzuri. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa vitani, walitengeneza pale heller 20 za shaba kwa wingi. Walitengeneza pia rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, ambazo zilikuwa 16,000 na kitu tu. Ni mji mmoja na mwaka mmoja, ila bei zake ni mbingu na ardhi.

Hata shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba inatofautiana. Za mwaka 1921 hadi 1946 zina robo ya madini ya fedha. Za kuanzia 1948 hazina kabisa.

Tokeni za kasino kwa kawaida hazina soko. Za mashamba ya zamani zenye jina linalosomeka hutafutwa zaidi. Kwa vyovyote, angalia bei iliyolipwa mnadani, si bei aliyojitajia muuzaji.

Mahali kilipookotwa nako kuna thamani

Mwaka 1944, mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Alizihifadhi hadi 1979 alipozipeleka zikatambuliwe. Tano zilikuwa za shaba kutoka Kilwa. Kilichowashangaza wataalamu ni jinsi zilivyofika huko.

Kwa hiyo andika mahali, tarehe na kina ulichochimba. Sheria nayo ipo: Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kuviuza au kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Anzia makumbusho ya taifa. Kwa Kenya pia, anzia makumbusho ya taifa.

Jihadhari na "mnunuzi wa mamilioni"

India kuna utapeli unaojulikana wa vipande vya shaba vyenye jina la East India Company na mwaka 1818, vikidaiwa kuvuta mchele. Kampuni hiyo haikuwahi kutoa sarafu za namna hiyo. Mwathirika huambiwa mnunuzi tajiri yupo tayari, ila kwanza alipie vipimo vya kitaalamu.

Hadithi za rupia za Mjerumani zinazouzwa mamilioni hufuata njia hiyohiyo. Rupia ya kawaida ni kipande cha madini ya fedha cha gramu 11 na ushee. Haina nguvu za ajabu.

Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi. Akitaka utume kwanza ya vipimo, kibali au usafiri, kata simu.