Chuo Kikuu cha Matope

Watu wengi wa Nairobi wanaijua Sagana kama mahali pa kupita. Matatu ya Nyeri inapunguza mwendo, mama anapenyeza ndizi dirishani, mtu anauliza kama kuna choo karibu, halafu safari inaendelea kuelekea Karatina. Wikendi wanakuja wale wa kuteremka mto kwa mashua za mpira, wanapiga selfi na helmeti kichwani, wanarudi. Kwa sisi tuliokulia hapa, kulikuwa na kitu kimoja zaidi: mabwawa ya serikali, ambayo kila mtu aliyaita tu "Fisheries." Ulienda huko ukitumwa samaki, ukalipa, ukarudi nyumbani.

Nataka kuyaandika hayo mabwawa kama historia ya elimu. Najua inasikika ajabu. Leo vyuo vikuu viko kila upande: Kirinyaga pale Kutus, Karatina, Murang'a, na Dedan Kimathi kule Nyeri, na vyote vimepata hati yake ya chuo kikuu kuanzia mwaka 2012 kuja huku. Lakini kituo cha samaki cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948, wakati Kenya nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mkenya aliyetaka masomo ya juu bila kuvuka bahari alipanda treni kwenda Makerere. Kwa hiyo kabla ya profesa yeyote kufika kwetu, kulikuwa na maji ya mto Ragati yakiletwa kwa mfereji, udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji vizuri, na watu waliokuwa wakipima samaki kwa rula.

Mahali penyewe palikuwa pa kuchekesha kidogo. Mkikuyu wa zamani hakula samaki. Shosho yangu hakumwonja hata siku moja hadi anafariki. Alisema hawezi kula kitu kisichofumba macho. Na bado serikali ya kikoloni ikaja kuchimba mabwawa katikati ya watu kama yeye. Kule Kiganjo, karibu na Nyeri, ilikuwa na kituo kingine cha trauti, samaki wa maji baridi ambaye uzao wake wa kwanza uliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na kutiwa mto Gura. Trauti walikuwa wa walowezi kuvua kwa starehe zao. Tilapia wa Sagana walitakiwa kuwa chakula.

Hapo ndipo likaja swali la kwanza la kisayansi, nalo halijazeeka mpaka leo: mbona samaki hawakui? Tilapia huzaa mapema na huzaa sana. Unatia bwawani samaki wachache, baada ya miezi kadhaa unavuta wavu na kukuta mamia, wote saizi ya kidole. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wawili, V.D. van Someren na P.J. Whitehead, walichapisha mfululizo wa makala kuhusu ufugaji wa tilapia wa Mto Athi kwenye mabwawa. Walichunguza jambo linaloonekana dogo: ukilinganisha dume na jike walioanza na ukubwa sawa, nani anakua haraka? Dume. Jike nguvu zake zinaishia kwenye mayai na kulea vifaranga mdomoni. Biashara kubwa ya leo ya kuuza vifaranga madume matupu, wanaolishwa homoni wiki za kwanza za maisha yao, imesimama juu ya jibu hilo.

Ngoja nitoke nje ya barabara kidogo, kwa sababu hadithi ya Whitehead ni tamu. Baada ya Kenya alienda kufanya kazi kwenye jumba la makumbusho ya viumbe, London, akawa bingwa wa samaki wa jamii ya dagaa wa baharini. Katika kazi hiyo alitaka kuona michoro ya wanyama wa Brazil iliyochorwa karne ya 17, wakati Waholanzi wametawala huko. Michoro ilikuwa imehifadhiwa Berlin na ikapotea katika Vita vya Pili vya Dunia. Akaitafuta kwa miaka, barua kwa barua, na miaka ya 1970 ikathibitika iko Kraków, Poland, kwenye maktaba ya chuo kikuu. Pamoja nayo kulikuwa na kurasa za muziki zilizoandikwa kwa mkono wa Mozart na Beethoven, ambazo dunia ilidhani huenda ziliungua. Mtu wa samaki ndiye alisaidia kupatikana kwa muziki. Kila nikisikia mwanasiasa akisema vijana waache kusomea vitu visivyo na soko, huwa namkumbuka huyu jamaa.

Turudi Sagana. Baada ya uhuru, miaka ya 1960, serikali ilifanya kampeni ya kuhimiza watu wale samaki zaidi. Vijibwawa vikachimbwa kwa maelfu, hasa upande wa Nyanza na Magharibi, na baada ya miaka michache vingi vikaachwa vikaota nyasi. Vifaranga vilikuwa duni, na maafisa wa kumfuata mkulima nyumbani hawakutosha. Weka hilo akilini, litarudi.

Kilichoifanya Sagana iwe karibu chuo kikuu kilitokana na msiba wa watu wengine. Kuanzia mwaka 1982 kulikuwa na mpango wa utafiti wa mabwawa uliogharamiwa na serikali ya Marekani na kuratibiwa na Oregon State University. Ulikuwa na vituo Amerika ya Kati, Asia na Afrika, na wazo lake lilikuwa rahisi: fanyeni jaribio lilelile kila mahali ili matokeo yaweze kulinganishwa. Kituo cha Afrika kilikuwa Rwasave, nje kidogo ya Butare, chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari, na kazi ikasimama. Mpango uliporudi Afrika ulikuja Kenya, na mwaka 1997 ukaanza rasmi Sagana. Karen Veverica wa Auburn University, aliyekuwa Rwasave, ndiye akaja kuongoza kazi hapa kwetu. Moi University ya Eldoret ikawa mshirika, na wanafunzi wake wa shahada ya uzamili wakaanza kushuka hapa na mabegi.

Sasa fikiria walichokuta. Bwawa ni shimo lenye maji, si ndio? Mtu wa kemia ya udongo anakuambia hapana, bwawa ni udongo kwanza. Ukiwa na asidi, mbolea unayotia inashikwa na matope na haifiki majini, kwa hiyo unahitaji chokaa, na kiasi cha chokaa kinategemea udongo wenyewe. James Bowman wa Oregon State alikuwa mtu wa mambo hayo. Mtu wa mimea naye anakuambia bwawa ni shamba la mwani. Unatia samadi au mbolea ya dukani ili maji yawe kijani, na tilapia anakula ule ukijani. Kipimo cha mkulima ni mkono wake: zamisha mpaka kwenye kiwiko, na kama kiganja kinaanza kupotea machoni, maji yameiva. Lakini mwani huohuo usiku hauna jua, unavuta oksijeni badala ya kuitoa, na kufikia alfajiri maji huwa yamebaki na hewa kidogo kabisa. Kwa hiyo mwanafunzi wa kupima oksijeni lazima aamke kabla ya jogoo. Halafu mtu wa takwimu anakataa kila kitu mlichofanya kama mmetumia bwawa moja tu, maana huenda lile moja lina bahati yake. Rudieni kwenye mabwawa matatu au manne, na mpige kura lipi lipate nini.

Chakula ndicho kilicholeta watu wa pesa. Mwea iko jirani, na Mwea ni mchele, kwa hiyo pumba za mchele ziko. David Liti wa Moi University na wenzake walilinganisha pumba hizo na vyakula vingine, ikiwemo kile cha kunenepesha nguruwe, kwenye mabwawa yaliyotiwa mbolea yenye tilapia pamoja na kambare. Hawakupima uzito pekee. Walihesabu na shilingi. Samaki anayenenepa haraka kuliko wote anaweza kukutia hasara, kama kila gramu aliyoongeza imekugharimu zaidi ya utakayouzia. Jaribio lingine liliuliza kama dagaa kamba wa Ziwa Victoria, wale Wajaluo wanaita ochong'a, wanaweza kuondolewa kwenye chakula cha samaki na protini ya mimea iingie mahali pao. Hilo ni swali la biolojia, lakini ukilitazama kwa makini ni swali la haki pia: vipi tuchukue chakula cha bei nafuu cha binadamu wa Homa Bay tukampe samaki wa mtu wa Kirinyaga?

Kuna wakati utafiti ulienda mpaka ziwani kwenyewe. Wavuvi wa mbuta wanatumia kambare wadogo kama chambo cha ndoano, na walikuwa wakiwatoa kwenye vinamasi. Watafiti wakauliza kama mkulima anaweza kuwazalisha bwawani akauzia wavuvi. Samaki ambaye hutamla, unamfuga awe chambo cha samaki mwingine. Mimi naona hiyo ni akili ya soko ambayo hata mtu wa Gikomba angeisifu.

Baadaye wakaja Waaustria. Chuo kikuu cha BOKU cha Vienna kilishirikiana na Moi na Sagana kufuga tilapia kwenye vizimba ndani ya mabwawa madogo ya kuhifadhia maji, na mradi ukaitwa BOMOSA: herufi mbili za BOKU, mbili za Moi, mbili za Sagana. Sijui kama kuna mji mwingine wa stendi moja ya matatu katika nchi hii uliowahi kuingia kwenye jina la mradi wa Ulaya.

Mwaka 2007 Charles Ngugi, Bowman na Bethuel Omolo walitoa kitabu cha mwongozo wa ufugaji wa samaki Kenya, kilichokusanya mengi ya hayo. Ni kitabu kizuri, cha vitendo, kina picha na vipimo. Kimeandikwa kwa Kiingereza.

Halafu ikaja mwaka 2009. Serikali ilitangaza mpango wa kuchochea uchumi, na samaki wakawemo: mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa mita za mraba 300, kila bwawa vifaranga 1,000. Piga hesabu. Mabwawa 28,000, vifaranga milioni 28, na nchi ilikuwa na vituo vichache mno vya kuzalisha vifaranga bora. Sagana ilikuwa kimojawapo, ikageuka ghafla kutoka maabara hadi kiwanda. Uzalishaji wa samaki wa kufugwa nchini ulipanda mpaka zaidi ya tani 24,000 mwaka 2014. Ruzuku ilipokwisha ukaanguka, na mwaka 2016 haukufika tani 15,000. Sababu zinazotajwa ni zilezile: chakula ghali, vifaranga visivyoaminika, maji, soko. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kupima pumba Sagana angeziorodhesha kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini.

Mjomba wangu alichimba bwawa lake kwa pesa zake mwaka 2011, baada ya kuona ya majirani. Samaki wa kwanza walitoka wazuri. Wa pili bei ya chakula ilikuwa imepanda, akapunguza, wakadumaa. Nilimwuliza kama aliwahi kusikia kuhusu maji ya kijani na kiwiko, akacheka: "Maji yakiwa kijani mimi nilikuwa nafungulia yatoke. Nilidhani ni uchafu." Alikuwa anamwaga chakula cha bure mferejini, kilomita chache tu kutoka mahali ambapo watu walitunukiwa shahada kwa kukipima. Sasa shimo lina nduma, na nduma zinamlipa.

Sipendi kusema utafiti ulishindwa. Ulijibu maswali mengi kuliko tunavyostahili, na maafisa wengi wa uvuvi waliofunzwa hapa wametawanyika nchi nzima. Lakini kati ya ripoti na mjomba palikosekana mtu mmoja wa fani ya mwisho, ile isiyopewa pesa za wafadhili kwa urahisi: mtu wa kukaa ukingoni na kueleza, kwa Gĩkũyũ au Kiswahili, kwa nini rangi ile ni utajiri.

Siku hizi kituo kiko chini ya KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao Mombasa. Wanachagua kizazi baada ya kizazi cha tilapia wanaokua vizuri, na wanajaribu mabuu ya nzi weusi kama protini badala ya omena. Vifaranga bado vinauzwa. Vinafungwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni, na mnunuzi anaondoka na mfuko mapajani ndani ya matatu, akiushika kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenyewe, abiria wa kando akiuliza wanakula nini na wanakula kwa pesa ngapi.