Kompyuta ikigoma baada ya kuhamia Windows 11: mwongozo kwa wafanyabiashara wa Mengo

KAMPALA – Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa maduka na maghala ya Mengo na Kisenyi, kuhamia Windows 11 kunagusa mapato moja kwa moja. Tangu Januari 2021, Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) huwataka waliosajiliwa VAT kutoa ankara kupitia mfumo wa EFRIS. Bila ankara hiyo, mnunuzi hawezi kudai VAT aliyolipa. Kompyuta ikigoma, mzigo wa kwenda Malaba au Elegu nao unasubiri.

Mambo ya kufanya, kwa mpangilio:

1. Ankara kwanza. Wakati fundi anashughulika, ankara zitolewe kwa kompyuta nyingine kupitia tovuti ya URA.

2. Siku 10. Kwa kawaida Windows hutunza mfumo wa zamani kwa siku 10. Ukitaka kurudi, fungua Settings, System, Recovery, kisha Go back. Weka kwanza nakala ya hesabu kwenye diski ya nje. Usifute folda ya Windows.old ili kupata nafasi: ikifutwa, njia ya kurudi imefungwa.

3. Printa. Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Printa yenye draiva ya biti 32 tu haitachapa. Iondoe kwenye orodha, kisha pakua draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji.

4. Intaneti. Wi-Fi ikipotea, unganisha simu kwa waya wa USB, washa huduma ya kugawa intaneti, kisha endesha Windows Update.

5. Programu za zamani. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya programu, chagua Properties, kisha Compatibility.

6. Ufunguo wa tarakimu 48. BitLocker ikiuomba, utafute kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye kompyuta hiyo. Bila ufunguo, hata fundi hodari hawezi kuzifungua faili.

Windows 11 inahitaji RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na TPM 2.0. Mwenye kompyuta kadhaa aanze na moja, tena baada ya tarehe 15, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT ya kila mwezi.